Jinsi ya kuvuta netiweki ya ofisi mpaka chumba kipya

Swali hili naulizwa kila mara, maneno tu ndo yanabadilika. Ofisi imekua, mmechukua chumba kingine ng'ambo ya korido au ghorofa ya juu, watu sita wanahamia Jumatatu, na bosi kasema tu "weka netiweki". Sasa unauliza ninunue rauta nyingine? Ripita ya wifi inatosha? Waya mmoja unabeba kompyuta sita kweli? Naandika yote hapa, kuanzia kupima njia mpaka kutafuta tatizo, uchukue ukafanye.

Mfano wetu ni ofisi ya kawaida kabisa. Rauta ya intaneti iko chumba cha zamani, imechomekwa kwenye swichi ya poti 16 (kiboksi chenye matundu 16 ya kugawia netiweki kwa waya), kuna printa moja ya wote na kompyuta moja inayotunza mafaili ya ofisi. Chumba kipya kiko kama mita 25 kutoka hapo, jengo lile lile, meza sita.

Jibu langu ni waya. Unavuta waya kutoka swichi ya zamani mpaka chumba kipya, unaweka swichi ndogo huko, kila meza inachukua hapo, na wifi inabaki kwa ajili ya simu na wageni. Na ndiyo, waya mmoja unabeba kompyuta sita bila shida. Ripita nimeshazitoa kwenye ofisi nyingi sana, maana zile za kawaida zinapokea na kurusha kwa redio ile ile, kwahiyo spidi inapungua karibu nusu kabla mtu hajafungua kitu, alafu bado kuna ukuta wa tofali na kabati la chuma katikati. Nyumbani kwa kuangalia video inavumilika, ila mhasibu anayefungua faili kubwa la Excel kutoka kompyuta ya mafaili atakuita kila saa.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali: kama hicho chumba anakaa mpangaji mwingine, kampuni nyingine, usifuate mwongozo huu. Kila aliye kwenye swichi hiyo yuko ndani ya netiweki yenu, anaiona printa na anaweza kugonga mlango wa mafolda yenu. Huyo atafutiwe laini yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Waya wa netiweki wa Cat6 (hilo ni daraja la waya), au Cat5e iliyo chini yake kama bajeti imebana. Boksi zima lina mita 305, ila maduka mengi wanakukatia kwa mita.
- Swichi ya gigabiti, yaani ya spidi ya megabiti 1000 kwa sekunde (1000 Mbps), ya poti 8. Dukani sema swichi ya netiweki, la sivyo utaletewa ya taa.
- Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vinavyobanwa kwenye ncha ya waya, nunua 30 hata kama unahitaji 20, utaharibu kadhaa na ni kawaida.
- Mashine ya kubania RJ45 na testa ya waya, ile ya taa nane inatosha.
- Trankingi ya plastiki ya kupitisha waya ukutani, drili, misumari ya plastiki na skrubu.
- Maka peni na masking tepu.
- Ngazi, tochi, na mtu wa pili. Kuvuta waya darini peke yako ni mateso na ndo watu wanapokanyaga silingi bodi wakashuka nayo.
- Aksesi pointi ya wifi, kifaa kinachochukua netiweki kwenye waya na kuirusha kama wifi, au rauta ya zamani iliyolala kabatini, nitaeleza jinsi ya kuitumia.
- UPS ndogo (betri ya kushikilia vifaa umeme ukikatika) ya chumba kipya.
- Paswedi ya kuingia kwenye rauta. Hii watu wanaisahau mpaka siku yenyewe, alafu aliyeifunga alishaacha kazi. Itafute leo.

Hatua

1. Ijue netiweki uliyonayo. Nenda kwenye swichi ya zamani, hesabu poti zilizo wazi. Unahitaji mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Piga picha waya zilivyochomekwa kabla hujagusa kitu. Alafu kwenye kompyuta yoyote ya Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, na uandike kwenye karatasi namba mbili: anwani ya kompyuta na anwani ya geitiwei, yaani rauta. Mfano kompyuta ni 192.168.10.124 na rauta ni 192.168.10.1. Hiyo karatasi usiitupe, tutaihitaji mpaka mwisho.

Ingia kwenye rauta, tafuta sehemu ya DHCP, hiyo ndo inayogawa anwani. Angalia inagawa kuanzia ngapi mpaka ngapi. Kama ni kuanzia 100 mpaka 149 basi una anwani 50 tu, na kumbuka kila mtu ana kompyuta na simu, wengine simu mbili, wageni nao wanaomba wifi. Watu 16 wanafika 50 haraka kuliko unavyodhani. Panua iwe 100 mpaka 220, namba za chini ziache kwa printa, seva (ile kompyuta ya mafaili) na vifaa vingine vya kudumu. Hakikisha tu hakuna kifaa chenye anwani ya kudumu ndani ya huo upana mpya.

2. Pima njia, siyo umbali. Mita 25 ni ukitembea kwa miguu. Waya unapanda ukutani mpaka darini, unazunguka nguzo, unashuka upande wa pili, unakuja kuwa mita 38 au 40. Pita na futi kamba njia nzima alafu ongeza mita 3 kila upande. Ukomo wa waya huu ni mita 100 kutoka kifaa mpaka kifaa, na wanaofunga kitaalamu wanahesabu 90 za waya uliolala ukutani na 10 za nyaya fupi za kwenye meza. Ukizidisha inaweza kuwaka ila itakuwa inakatika katika, na huo ugonjwa ni mgumu kuliko wa kukataa kabisa.

Hapa hapa muone mwenye jengo. Muombe ruhusa ya kutoboa ukuta wa korido, muulize nyaya za umeme na mabomba ya maji zinapita wapi.

3. Nunua waya wa shaba, siyo wa alumini. Nakaa kidogo hapa kwa sababu pesa nyingi zinapotea hapa. Madukani kuna waya wa bei rahisi ambao ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho huwezi kuutofautisha, na boksi lake wakati mwingine limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa kabisa. Tafuta herufi CCA kwenye boksi au kwenye ganda la waya, ukiziona acha. Kama hakuna maandishi, muombe muuzaji kipande cha sentimita kumi, menya uzi mmoja, kwangua kwa wembe. Shaba ukikwangua inabaki nyekundu mpaka ndani, alumini inatoka nyeupe kama sufuria. Hata uzito unasema, boksi la shaba ukilinyanyua unalisikia.

Kwa nini nasisitiza? Alumini inakatika ukiikunja mara mbili tatu, na inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwahiyo ukitaka kuwasha aksesi pointi kwa umeme unaopita ndani ya waya huo huo, waya unapata joto na kifaa cha mwisho kinazima zima. Tofauti ya bei unailipa mara moja tu, ila waya ukishafungwa darini kuurudia ni siku nzima.

4. Vuta waya, na uvute mbili. Kazi ya kuvuta moja na kuvuta mbili ni ile ile, mnashika pamoja mnavuta. Ya pili ni akiba, siku panya akitafuna moja unahamisha kichwa tu ofisi inaendelea. Na panya wanatafuna kweli, hasa dari za majengo yenye migahawa chini.

Kabla hamjavuta, andika namba kwenye tepu na uzungushe kwenye ncha zote mbili za kila waya, A na A, B na B. Usiseme nitakumbuka.

Makosa ya hapa ni haya. Kuufunga waya wa netiweki pamoja na wa umeme: ule umeme ni volti 230, kwanza ni hatari, pili unaingiza kelele kwenye data. Waache mbalimbali, mimi naacha sentimita 20 au 30, na mahali ambapo lazima wapishane wakatane kama msalaba, wasilale sambamba. Usiutundike juu ya taa za tyubu. Usivute kwa nguvu kama unatoa ndoo kisimani, ukinasa rudi ukaunasue, maana zile nyuzi ndani zimesokotwa wawili wawili kwa mpangilio na ukizinyoosha umeziharibu ingawa nje hapaonekani kitu. Kona zisiwe kali, zungusha kama mdomo wa kikombe. Na tai za plastiki zikaze kiasi, waya uweze kusogea ukiusukuma kwa kidole.

Acha mita moja na nusu ya ziada kila upande, izungushe uifunge vizuri.

5. Bana vichwa. Menya ganda kama sentimita 3, fungua zile jozi, zipange, zinyooshe kwa vidole, kata ncha zilingane, zibaki kama milimita 13 hivi, ingiza mpaka uone shaba imegusa mwisho wa kichwa, bana kwa nguvu. Ganda la nje la waya liingie ndani ya kichwa lishikwe na kile kilimi cha kubania, kama nyuzi zenyewe ndo zinaonekana nje ya kichwa, kata uanze upya.

Mpangilio, ukishika kichwa pini zikiwa juu, kilimi cha nje (kile unachobonyeza ukichomoa) kikiwa chini, waya unakuja upande wako, kutoka kushoto:

nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Huu mpangilio wa rangi ndo wanaouita B, hauhusiani na ule waya B. Ncha zote mbili ziwe hivi hivi. Ile habari ya kugeuza upande mmoja ilikuwa ya vifaa vya zamani, swichi za siku hizi zinajirekebisha zenyewe.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kupanga rangi wawili wawili kama zilivyo, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kwa hoja kwamba ali mradi pande zote zinafanana hakuna tatizo. Lipo. Uzi wa 3 lazima awe jozi na wa 6. Ukipanga kwa kufuatana, testa itawaka taa zote nane kwa mpangilio, utashangilia, alafu netiweki itakuwa goigoi au itakataa kabisa na testa bado inakwambia waya mzima. Kingine ni mwanga. Kuna waya ambao ule mstari wa rangi kwenye nyuzi nyeupe umefifia, chini ya meza zote zinaonekana nyeupe tupu. Usizitenganishe na wenzao kabla hujajua nani ni nani, na tochi iwe mdomoni.

6. Pima kila waya kabla ya kuchomeka chochote. Testa upande mmoja, kipokeo chake upande wa pili, mwenzako asome namba kwa sauti: moja, mbili, tatu mpaka nane. Ikiruka moja au zikiwaka kwa kupishana, bana upya. Anza na ule upande uliobana ukiwa umechoka, mara nyingi ni huo.

7. Weka swichi, alafu chomeka kompyuta moja. Siyo sita, moja. Swichi mpya haihitaji kusetiwa chochote: waya A kutoka chumba cha zamani unaingia poti yoyote, laptopu poti nyingine. Andika ipconfig. Anwani ianze sawa na ile ya kwenye karatasi na geitiwei iwe ile ile. Alafu andika ping 192.168.10.1 (amri ya kuuliza kifaa kama kipo), uone majibu yanarudi chini ya milisekunde 1 au 2. Fungua pia mipangilio ya Ethaneti (netiweki ya waya) usome spidi ya linki, inatakiwa iwe 1000 Mbps. Jaribio la mwisho nakopi faili la GB 1 kutoka kompyuta ya mafaili: netiweki ikiwa nzima na diski ni nzuri inachukua sekunde kumi na kitu, ikichukua dakika moja na nusu ujue umeshuka mpaka 100 Mbps. Hapo sasa chomeka meza nyingine moja moja.

Waya B uache umechomekwa upande mmoja tu. Narudia, upande mmoja tu. Ukichomeka A na B zote pande zote mbili kwenye swichi za kawaida umetengeneza duara, data inazunguka bila mwisho na ofisi nzima inasimama.

8. Wifi ya chumba kipya. Aksesi pointi unachomeka kwenye swichi mpya, jina na paswedi viwe sawa na vya chumba cha zamani, simu zitahama zenyewe. Ila chaneli ya 2.4 GHz, yaani namba ya masafa wifi inayorushia, iwe tofauti: kama ya zamani iko 1, mpya weka 6 au 11.

Unataka kutumia rauta ya zamani? Inafanya kazi vizuri, lakini fuata mpangilio huu na usibadilishe. Ichomeke kwenye laptopu peke yake, mbali na netiweki. Badilisha anwani yake iwe ndani ya netiweki yenu na isiyotumika, mfano 192.168.10.2. Zima DHCP. Seti jina na paswedi ya wifi. Hifadhi. Ndo sasa uipeleke kwenye swichi, na waya uingie kwenye poti za kawaida, usiingie ile ya rangi tofauti iliyoandikwa WAN au Internet.

Nilishawahi kuitwa kwenye ofisi moja ya mahesabu tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za VAT. Tangu asubuhi nusu ya kompyuta zina intaneti na nusu hazina, wakiwasha upya zinabadilishana. Nikaandika ipconfig kwenye iliyokataa, geitiwei ikasoma 192.168.1.1 wakati yao ni 192.168.10.1. Yaani kulikuwa na rauta nyingine humo ndani inagawa anwani zake. Niliisaka kwa kuchomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi mpaka ile 192.168.1.1 ikaacha kujibu ping, nikaufuata ule waya, ukanipeleka chumba kipya nyuma ya katoni za karatasi za A4. Mtu alileta rauta ya nyumbani apate wifi karibu, akaichomeka bila kuzima DHCP. Hakuwa na nia mbaya, wifi haikuwepo chumbani kwake. Kwahiyo weka wifi siku ya kwanza, watu wasijitafutie.

9. Printa na mafaili. Ipe printa anwani ya kudumu, mfano 192.168.10.20, na kompyuta ya mafaili 192.168.10.10, iwe kwenye vifaa vyenyewe au uzifunge kwenye rauta. Kwenye kompyuta za chumba kipya hakikisha Windows imeiweka netiweki kuwa Private, ikiwa Public intaneti itakuwepo lakini mafolda hayaonekani.

10. Malizia. Funika trankingi, bandika namba kwenye poti na kwenye meza, swichi mpya ichomeke kwenye UPS. Hili la UPS ni muhimu kwa sababu umeme ukikatika laptopu zinaendelea na betri, seva ina UPS yake, ila swichi ya chumba kipya inazima na watu sita wanakaa bila netiweki. Chora ramani kwenye karatasi moja, ibandike ndani ya mlango wa kabati la swichi.

Kama chumba kipya kiko jengo lingine

Usivute waya wa shaba juu ya uwanja. Radi ikipiga jirani tu inaingia nao inaua swichi za pande zote mbili, na majengo mawili hayana eathi moja. Vuta faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme), au funga antena mbili za 5 GHz zinazotazamana juu ya paa kama hakuna mti wala ghorofa katikati. Ukiamua antena, panda juu uangalie kwa macho yako, na uuangalie mwembe unaokua pia, mwakani utakuwa umeziba.

Ikigoma, anzia hapa

*Anwani inaanza na 169.254.* Kompyuta imekosa mtu wa kuigawia anwani. Angalia taa ya poti. Haiwaki, ni waya au kichwa. Inawaka, basi njia ya kufika kwenye rauta imekatika kabla, au anwani za DHCP zimeisha.

*Asubuhi sawa, saa nane mchana wanaokuja hawapati.* Anwani zimeisha. Rudi hatua ya 1, panua, na upunguze muda wa mtu kushikilia anwani uwe masaa 8.

*Linki inasoma 100 badala ya 1000.* Gigabiti inatumia nyuzi zote nane, 100 inatumia nne tu: 1, 2, 3 na 6. Kuna uzi haujagusa, bana upya. Kama testa inasema mzima, angalia ule waya mfupi wa mezani kabla hujapanda darini.

*Ofisi nzima imekufa na taa za swichi zote zinapepesa pamoja, haraka haraka.* Duara. Kuna mtu ameona waya umening'inia akauchomeka. Chomoa waya A, chumba cha zamani kikipona tatizo liko chumba kipya, tafuta waya ambao ncha zake zote mbili ziko kwenye swichi.

*Intaneti ipo, printa haionekani.* Ping anwani ya printa. Ikijibu, ifute kwenye kompyuta uiongeze upya kwa anwani. Isipojibu, linganisha geitiwei na karatasi yako, pengine huyo yuko kwenye netiweki nyingine, siyo yenu.

*Waya ulikuwa mzima, wiki ya tatu umekufa.* Hamishia kwenye waya B watu waendelee na kazi, alafu panda na tochi ufuate waya A kuanzia pale unapoingia ukutani. Ukikuta ganda limemenywa na vipande vidogo vya plastiki chini yake, ni panya, hiyo sehemu ivute upya ndani ya paipu ngumu ya umeme.